Don Bosco, mtakatifu aliyejua kukimbia



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja anayeendesha bodaboda alinisubiri nje ya sakristia. Usiku wa Ijumaa abiria wake alikataa kumlipa shilingi elfu tatu, na alipodai akapigwa ngumi ya mdomo. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Wenzake wa kijiweni walishaijua nyumba ya yule abiria, nao walikuwa wanangoja neno lake tu waende na marungu. Kijana alitaka kujua kama kwenda ni dhambi. Akaongeza, kwa adabu lakini bila kuficha, kwamba habari ya kugeuza shavu la pili ameisikia tangu Komunyo ya kwanza, ila hajawahi kumwona padre aliyepigwa akaligeuza.

Hilo la mwisho lilinichoma, na mbele kidogo nitakueleza kwa nini. Kwanza nikusimulie habari za padre mmoja aliyepigwa kweli, aliyelengwa kwa risasi akifundisha katekisimu, aliyekimbizwa kwa kisu cha buchani, na ambaye pamoja na hayo yote alifia kitandani kwake akiwa na miaka 72. Sikukuu yake ni tarehe 31 Januari. Ni Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa jina la Don Bosco kutokana na vyuo vya ufundi vya Wasalesiani kama vile vya Dodoma na Iringa. Picha zake ukutani zinamwonyesha mpole, anatabasamu, watoto wamemzunguka. Picha hizo hazisemi uongo, ila zimeacha mambo mengi nje.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo d'Asti, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alifariki mtoto hajatimiza hata miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki mjane na watoto watatu wa kiume: Giuseppe na Giovanni aliowazaa mwenyewe, na Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu. Akiwa na miaka kama tisa, Giovanni aliota ndoto ambayo hakuisahau maisha yake yote. Alijiona katikati ya kundi la watoto wanaocheza, na baadhi yao walikuwa wanamtukana Mungu. Akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Hapo akatokea mtu mwenye sura ya kung'aa akamwambia kwamba watoto hao hatawapata kwa mapigo bali kwa upole na upendo. Wahubiri tunapoisimulia ndoto hii huwa tunaukimbilia upole na kuziruka ngumi. Mimi naomba leo uziangalie zile ngumi. Mtoto huyu alikuwa mpiganaji. Upole haukuwa tabia yake ya kuzaliwa. Ilimbidi ajifunze, na alijifunza polepole.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake. Antonio alimzidi Giovanni miaka saba, alikuwa mtu wa jembe, na hakuvumilia kumwona mdogo wake na kitabu mkononi. Ugomvi ukawa wa kila siku, na kipigo kikafuata. Mwezi wa Februari 1828, katikati ya baridi, Margherita alimfungia mtoto wake wa miaka 12 kifurushi cha nguo akamtuma aende kutafuta kazi kwa watu. Giovanni alipokewa kwenye shamba la familia ya Moglia, akachunga ng'ombe huko kwa karibu miaka miwili. Akina mama wa jumuiya nikiwasimulia hili hunung'unika. Wanasema angefukuzwa Antonio. Lakini Antonio naye alikuwa yatima, tena wa baba na mama. Margherita aliona kwamba vijana wawili wakiendelea kulala chini ya paa moja, siku moja jembe litatumika kwa kazi nyingine. Akawatenganisha kabla. Baadaye mali ya baba ikagawanywa, kila mtu akapata sehemu yake, na Giovanni akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwaga damu ya ndugu yake. Wangapi katika parokia zetu wamezika mtu kwa sababu ya mpaka wa shamba, na kila jirani alikuwa anajua tangu mwaka juzi kwamba jambo hilo linakuja?

Alipokwenda shule mjini Chieri alikuwa kijana mwenye nguvu zisizo za kawaida. Alijua kutembea juu ya kamba, kuruka sarakasi na kufanya kiinimacho. Huko akapata rafiki, Luigi Comollo, kijana mnyonge wa mwili na mkubwa wa roho. Siku moja kabla mwalimu hajaingia darasani, wanafunzi wakaidi wakaanza kumwonea Comollo na mwenzake mwingine. Bosco akawaonya, wakampuuza. Hakuwa na fimbo karibu, basi alimkamata mmoja wao mabegani, akamwinua, akamtumia yeye kama rungu la kuwapigia wengine. Wanne wakaanguka chini, waliobaki wakatawanyika wakipiga kelele. Mwalimu alipoingia na kuelezwa, akaishia kucheka. Comollo hakucheka. Alimwambia rafiki yake kwamba nguvu zake zinamtisha, na kwamba Mungu hakumpa ili awaumize wenzake. Bosco mwenyewe ndiye aliyeyaandika haya akiwa mtu mzima, bila kujipamba. Nadhani aliyakumbuka kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda, na bado yule mnyonge aliyemtetea ndiye aliyemsahihisha.

Alipewa upadre tarehe 5 Juni 1841. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, mjini Torino, akijiandaa kwa Misa, alisikia kelele sakristiani. Mtunza sakristia alikuwa anampiga kijana maskini kwa mti wa kupangusia vumbi, kosa lake ni kuingia humo na hajui kutumikia Misa. Don Bosco akamkemea mtunza sakristia na kuagiza kijana aitwe arudi, akisema ni rafiki yake, ingawa hakuwa amewahi kumwona. Kijana huyo, Bartolomeo Garelli, ndiye aliyekuwa wa kwanza wa maelfu. Kazi yote ya Wasalesiani duniani ilianza kwa mtu kuzuia kipigo cha mwingine kwa maneno tu.

Mwaka 1846 alipata banda la kupanga katika kitongoji cha Valdocco, na mama yake akaja kuishi naye, akawapikia na kuwafulia vijana waliookotwa mitaani. Halafu hatari zikaanza. Mwaka 1848 mfalme alitoa uhuru wa dini na wa kuchapisha, na mwaka 1853 Don Bosco alianzisha vijitabu vya kila mwezi vya kutetea imani Katoliki. Tuwe wakweli: siku zile Wakatoliki na Waprotestanti waliandikiana kwa ukali ambao leo tungeuonea aibu, naye hakuwa mpole kwenye karatasi kama alivyokuwa uwanjani. Lakini waliomfuata usiku hawakuja na karatasi.

Mabwana wawili wenye mavazi mazuri walikuja kwanza na fedha, wakimtaka aache kuandika. Alipokataa wakamdokeza kwamba akitoka nyumbani huenda asirudi. Don Bosco akafungua mlango, na nje alikuwa amesimama Giuseppe Buzzetti, kijana wake mwenye mwili. Akamwomba awasindikize wageni hadi getini. Tazama alivyofanya: hakupandisha sauti, hakuwatukana, na hakuwa peke yake.

Sasa nifike kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Jioni moja aliitwa kwenda kumwungamisha mwanamke aliyesemekana yuko mahututi. Padre akiitwa kwa mgonjwa anakwenda. Hilo halina mjadala. Lakini alikuwa ameshaitwa siku nyingine kwa mgonjwa wa uongo, akakuta watu wanamlazimisha kunywa divai iliyomiminwa kutoka chupa ya peke yake, divai ambayo walikataa kabisa vijana wake wasiionje. Kwa hiyo safari hii alichukua vijana wakubwa kadhaa, akawaweka wengine chini ya ngazi na wengine juu, karibu na mlango wa chumba. Ndani alikuta wanaume wanne wenye marungu, na mgonjwa mwenye nguvu za kutosha kugombana. Mara taa zikazimwa na marungu yakaanza kushuka gizani, yakitafuta kichwa cha padre.

Huyu ni mtu aliyewahi kumwinua mwanafunzi mwenzake kama rungu. Safari hii aliinua kiti. Hakukirusha, wala hakumpiga nacho mtu. Alikiweka juu ya kichwa chake kama paa, akatembea kuelekea mlangoni huku mapigo yakilia juu ya mbao, hadi akaangukia mikononi mwa vijana wake. Rungu moja lilimpata kidole gumba cha kushoto kilichokuwa kimeshika kiti, likaondoka na ukucha na nyama ya ncha. Kovu hilo alibaki nalo.

Ndugu msomaji, katekista wangu wa zamani ana kovu linalofanana na hilo, na mimi ndiye niliyemsababishia. Nilikuwa na miaka michache tu ya upadre. Tulikuwa tunarudi kutoka kigangoni kwa pikipiki, jua limeshazama. Alikuwa ameniambia tulale, au tuondoke mapema, nikamdharau. Porini wanaume wawili wakatusimamisha, wakataka mkoba. Ndani yake mlikuwa na sadaka, haifiki hata elfu hamsini. Nilikuwa kijana, nilicheza mpira seminari, nikaona ni aibu padre kukabidhi sadaka kwa wezi. Nikamsukuma mmoja, nikamkaba. Wa pili alikuwa na panga, nalo halikunifuata mimi, lilimfuata katekista aliyekuwa ananyoosha mikono kuwasihi. Wezi waliondoka na mkoba vilevile. Mpaka leo mzee yule hufungiwa vifungo vya shati na mke wake. Hajawahi kunilaumu. Ndiyo maana maneno ya kijana wa bodaboda yalinichoma.

Don Bosco alikuwa na macho ambayo mimi siku ile sikuwa nayo. Usiku mmoja mwishoni mwa Novemba 1854, kukiwa na ukungu na manyunyu, alikuwa anashuka kwenda nyumbani. Aliona watu wawili mbele yake. Alipoongeza mwendo, waliongeza, alipopunguza, walipunguza. Akavuka upande wa pili wa njia, nao wakavuka. Hapo akajua, akageuka arudi, lakini alikuwa amechelewa: walimrukia, wakamfunika joho usoni na kumziba mdomo. Aliyemwokoa, kadiri ya simulizi lake mwenyewe, alikuwa mbwa mkubwa wa kijivu asiyejulikana ni wa nani, ambaye vijana walimwita Grigio. Mbwa aliwakamata wale watu hata wakamwomba padre amwite. Alimwita, kwa sharti kwamba waache wapita njia waende kwa amani.

Watu huniuliza kama Grigio alikuwa malaika. Sina haja ya kuamua. Ninachokipenda zaidi ni usiku mwingine, ambapo mbwa huyo hakung'ata mtu yeyote. Don Bosco alitaka kutoka, na mama yake alikuwa anamsihi asitoke, usiku umekuwa mkubwa. Alipofika mlangoni akamkuta Grigio amelala hapo, akakataa kuondoka, kila akijaribu kupita anangurumiwa. Margherita akamwambia mwanawe kwamba kama hataki kumsikia mama, basi amsikilize mbwa. Padre akarudi ndani. Haikupita robo saa, jirani akaja kumwonya kwamba kuna watu wanazungukazunguka mtaani wakimvizia. Kesho yake hakukuwa na cha kusimulia isipokuwa kwamba mtu alibaki nyumbani.

Na alijua kukimbia. Usiku mwingine alisikia hatua nyuma yake, akageuka akaona mtu mwenye rungu yuko karibu kabisa. Akakimbia. Alipofika mteremkoni akaona wengine wanamngoja chini. Mbele hakuna njia, nyuma rungu limeinuliwa. Akasimama ghafla na kumpiga yule wa nyuma kiwiko cha tumbo, kwa nguvu hata akaanguka akilia kwamba anakufa. Grigio naye akafika, na padre akaenda zake nyumbani.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha, na Katekisimu ya Kanisa inamfuata katika namba ya 2264, kwamba mtu ana haki ya kuulinda uhai wake hata kwa nguvu, ila akitumia nguvu kupita inavyohitajika, haki hiyo imegeuka kuwa kosa. Kiwiko cha Don Bosco kilikuwa kimoja. Mtu alipoanguka, ulinzi ulikuwa umekwisha. Kwetu sisi, mwizi akishaanguka ndipo shughuli inaanza. Ndipo mawe yanaokotwa na mtu anatumwa kuleta tairi, na asubuhi tunasikia redioni kwamba ni wananchi wenye hasira kali, kana kwamba ni kabila la mbali, si sisi tunaopanga foleni ya Komunyo.

Na lile shavu la pili? Bwana wetu alizungumzia shavu la kulia, yaani kofi la nyuma ya mkono, kofi la dharau, ambalo mtu humpiga anayemwona duni. Alikuwa anatuzuia kulipiza dharau kwa dharau. Yeye mwenyewe, watu wa Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima, alipita katikati yao akaenda zake. Walipookota mawe hekaluni alijificha akatoka. Na mtumishi wa kuhani mkuu alipompiga kofi, alimuuliza kosa lake ni nini. Hakumrudishia kofi, lakini pia hakukubali kwamba kofi lile lilikuwa halali.

Hapo ndipo Don Bosco alipomfuata kwa karibu sana. Kulikuwa na mpangaji wa nyumba ya jirani aliyeingia uwanjani Jumapili moja jioni akiwa na kisu kirefu cha buchani, akimtafuta padre. Don Bosco akapanda ngazi, akafunga geti la chuma, yule mtu akabaki anatikisa nondo. Vijana, na walikuwa wengi, walitaka kumrukia wamrarue. Don Bosco akawakataza kabisa. Polisi waliitwa, wakachelewa sana kufika. Kesho yake ofisa akamuuliza kama anamsamehe. Alijibu kwamba anasamehe hilo na mengine, lakini kwa jina la sheria anaomba wakuu wawalinde vizuri zaidi raia na nyumba zao. Mtu aliachiwa, na siku iliyofuata alikuwa anamvizia tena. Mwishoni rafiki mmoja wa Don Bosco alikwenda kuzungumza na mshambuliaji, naye akakiri kwamba amelipwa kufanya hivyo. Akalipiwa faranga 80 za kodi aliyokuwa anadaiwa, na nyingine 80 za kupangia nyumba mbali na Valdocco. Akahama. Unaweza kusema ni woga kumlipa adui kodi ya nyumba. Mimi nahesabu tu kwamba uwanja ule ulikuwa na mamia ya watoto, na hakuna hata mmoja aliyeona damu.

Don Bosco aliishi hadi tarehe 31 Januari 1888. Mwaka 1877 aliandika kurasa chache juu ya malezi, ambamo alisisitiza kwamba mlezi asimpige mtoto, bali awe karibu naye mapema, kabla ya kosa. Alitangazwa mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934.

Kijana wa bodaboda nilimsimulia habari ya kiti tukiwa tumekaa kwenye benchi la sakristia. Nilimwambia kwamba kwenda na marungu ni dhambi, kwa sababu kipigo kimeshakwisha na hiki kingekuwa kingine kipya. Nilimwambia pia kwamba kusamehe hakumzuii kwenda kituoni, achukue PF3, atibiwe mdomo, na malalamiko yaandikwe. Alicheka aliposikia padre alikimbia.

Jana alipita kunisalimu. Alikwenda kituoni pamoja na mwenyekiti wao wa kijiwe. Wamekubaliana pale kwamba kuanzia saa nne usiku nauli inalipwa kabla ya safari, na anayepeleka abiria mtaa asioujua anampigia mwenzake simu mbele ya abiria huyo kumwambia anakokwenda. Mdomo umepona. Elfu tatu hajalipwa.